Trekta linalokunywa maji lichunguzwe kabla ya msimu

Msimu wa kulima Kanda ya Ziwa hauna subira. Mvua zikianza Oktoba, mwenye trekta huko Magu, Kwimba, Misungwi au Sengerema ana wiki chache tu za kuingiza fedha, na mkulima aliyekwisha kutanguliza malipo anasubiri zamu yake ili pamba iwe ardhini kuanzia katikati ya Novemba. Trekta likikwama katika wiki hizo, hasara haiishii kwa mwenye mali.

Ndiyo maana tunashangazwa na desturi iliyozoeleka ya dereva kwenda shambani na dumu la maji la lita 20, akiongeza kwenye rejeta kila baada ya ekari mbili, huku akimwambia tajiri wake kuwa matrekta ya zamani ndivyo yalivyo. Sivyo yalivyo. Massey Ferguson 135, ambalo lilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, miaka ya 1960 na bado linalima hapa, lina mfumo wa maji unaofungwa kwa mfuniko wenye springi. Maji yakipungua yamekwenda mahali, na mahali penyewe ni pachache: nje, kwenye oili, au kwenye bomba la moshi.

Kabla ya kumwita fundi, mwenye trekta aondoe kwanza kengele ya uongo. Matrekta mengi ya zamani hayana chupa ya akiba. Ukijaza rejeta hadi mdomoni, maji yakipata moto yanatanuka na kumwagika kwa bomba dogo la pembeni. Kesho yake utayakuta yamepungua, utajaza tena, na yatamwagika tena. Jaza injini ikiwa baridi, uache nafasi ya kama inchi moja chini ya shingo, kisha fanya kazi siku mbili bila kuongeza, ukiangalia kipimo cha joto muda wote. Yakitulia juu ya mabomba ya rejeta na yasishuke tena, trekta halina ugonjwa.

Yakiendelea kushuka, anza na mfuniko, kwani ndio spea ya bei ndogo kuliko zote na ndio unaodharauliwa kuliko zote. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yaliyo wazi yanachemka yakifika nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko wa pauni 7 kwa inchi ya mraba unasogeza kiwango hicho hadi zaidi ya nyuzi 105. Mpira wake ukikatika au springi ikilegea, kinga hiyo inapotea na maji yanatoka yakichemka, hata kama injini ni nzima. Wapo wanaoziba shingo kwa kitambaa na mfuko wa nailoni. Hao wanatafuta gharama.

Baada ya hapo angalia nje, alfajiri, injini ikiwa baridi. Tone dogo linalotoka injini ikiwa na moto hukauka kabla halijaonekana, kwa hiyo tandika boksi la karatasi chini ya trekta usiku. Tafuta alama za kutu au ukungu mweupe kwenye viungo vya mipira, chini ya rejeta, na kwenye vifuniko vidogo vya chuma ubavuni mwa bloku. Wota pampu ina tundu dogo chini ya shafti yake. Tundu hilo likilia maji, sili imekwisha, na kuliziba kwa gundi kunayapeleka maji hayo kwenye beringi.

Pasipoonekana kitu nje, hapo ndipo wasiwasi wa kweli unapoanza. Trekta lilale usiku mzima. Asubuhi, kabla ya kuliwasha, legeza kidogo nati ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwepo ndiyo yatakayotangulia kutoka. Kijiti cha oili kikionyesha rangi ya chai ya maziwa, habari ni hiyo hiyo. Usiliwashe tena, maana beringi za krenki hazivumilii maji hata kwa safari ya kurudi nyumbani. Kwenye injini ambazo laina zake zinaguswa na maji moja kwa moja, kama za Valmet zilizounganishwa Kibaha, kosa linaweza kuwa kwenye mipira ya laina na si kwenye gasketi.

Jaribio la mwisho ni la gesi. Injini ikiwa baridi, toa feni belti ili pampu isivuruge maji, fungua mfuniko, washa kwa dakika moja tu. Mapovu yasiyokoma yanamaanisha moto wa silinda unapenya kwenye njia ya maji: gasketi imeungua au silinda hedi ina ufa. Dalili nyingine ni mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu sekunde chache baada ya kuwasha, wakati maji bado ni ya baridi.

Tunayasema haya kwa kirefu kwa sababu gereji nyingi huanzia mwisho. Hedi inafunguliwa siku ya kwanza, gasketi mpya inawekwa, mteja analipa, na wiki ya pili maji yanapungua tena kwa sababu kosa lilikuwa kwenye mfuniko. Pampu ndogo ya mkono yenye geji, inayofungwa shingoni mwa rejeta na kujazwa upepo hadi pauni 7, ingemaliza ubishi huo kwa robo saa: mshale ukishuka, pana tundu. Wenye matrekta wa kata moja wanaweza kuchangia kuinunua. Nacho chuo cha VETA Mwanza kingewasaidia sana mafundi wa vijijini kwa mafunzo mafupi ya kuitumia, mwezi Agosti au Septemba, matrekta yakiwa yamepumzika.

Jambo jingine ni malipo ya dereva. Anayelipwa kwa ekari hana sababu ya kusimama mshale wa joto ukipanda, hasa akiwa kwenye udongo mzito wa mbuga ambako injini inavuta kwa nguvu zote na rejeta imejaa makapi ya mpunga. Ataendelea hadi injini ichemke, kisha atamimina maji ya baridi kwenye chuma cha moto, na hedi itapasuka. Tajiri amwekee posho ya siku ambayo trekta limesimama kwa sababu za haki. Itakuwa ndogo kuliko bei ya hedi.

Kuhusu maji yenyewe, maji ya mvua yaliyochujwa ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi, na ya ziwani yakichotwa ufukweni huja na tope na majani. Wengi huamini kulanti ni ya nchi za baridi. Kazi yake hapa ni kuzuia kutu, ile inayotoboa rejeta kutokea ndani. Septemba ni mwezi mzuri wa kuibadilisha.