Hadithi Kuukuu, Tiketi Mpya

Wazazi wengi wameshuhudia jambo moja katika miaka ya karibuni: filamu ambazo watoto wao wanazililia leo ni zile zile walizozililia wao wenyewe walipokuwa wadogo. Simba ni yule yule, Aladini ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba picha za kuchorwa zimeondolewa, na mahali pake wamewekwa waigizaji halisi, au wanyama waliotengenezwa kwa kompyuta hata mtazamaji akadhani wana roho. Juma hili tumeona tuizungumze biashara hiyo, kwa kuwa inaingia nyumbani mwetu kwa milango miwili kwa pamoja: matamanio ya mtoto na kumbukumbu za mzazi.

Hukumu ya kutazama filamu hatutaigusa. Hilo tunawaachia masheikh wetu. Tunasema na familia ambazo tayari zina televisheni ukumbini na simu mkononi mwa kila mkubwa, nazo ndizo nyingi.

Biashara ilivyoanza

Kampuni ya Disney ya Marekani ilionyesha filamu yake ndefu ya kwanza ya katuni, Snow White and the Seven Dwarfs, mwezi Desemba 1937. Tangu hapo ikajijengea hazina ya hadithi ambayo kila kizazi kiliirithi kutoka kwa kilichotangulia. Mwaka 2010 ilitoa Alice in Wonderland yenye waigizaji halisi, nayo ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1 katika majumba ya sinema duniani. Wenye mali wakaona kwamba hazina ile yaweza kuuzwa mara ya pili. Zikafuatana: Cinderella mwaka 2015, The Jungle Book mwaka 2016, Beauty and the Beast mwaka 2017 iliyopata takriban dola bilioni 1.26, kisha mwaka 2019 Aladdin iliyopata takriban dola bilioni 1.05, na The Lion King iliyopita dola bilioni 1.6.

Sababu ya kupenda njia hii si ngumu kuielewa. Hadithi mpya ni lazima itangazwe hadi ijulikane, na huenda isipendwe. Hadithi kuukuu inajulikana kabla haijatengenezwa. Mtoto aliyekuwa na miaka minane Aladdin ya katuni ilipotoka mwaka 1992, alikuwa na miaka thelathini na mitano mwaka 2019, na pengine ana mtoto wa umri ule ule aliokuwa nao yeye. Hapo tiketi haiuzwi moja, huuzwa mbili au tano.

Takwimu zinavyosomwa

Magazeti hupenda kutangaza mapato kwa vichwa vikubwa vya habari, na msomaji akadhani kwamba fedha zote hizo huingia mfukoni mwa kampuni. Sivyo. Kwa makadirio ya jumla, nusu hivi ya fedha za tiketi hubaki kwa wenye majumba ya sinema. Gharama za matangazo nazo ni mamilioni mengine, wala hazihesabiwi katika gharama ya kutengeneza filamu. Ndiyo maana wanaoifahamu biashara hii husema kwamba filamu haina budi kupata mara mbili ya gharama yake, au zaidi ya hapo, ndipo ianze kuleta faida.

Kwa mizani hiyo, mwaka 2025 ulitoa somo. Snow White mpya iligharimu zaidi ya dola milioni 240, ikaingiza takriban milioni 205 tu. Ukiondoa fungu la majumba ya sinema, kampuni ilibaki na kiasi cha nusu ya fedha ilizotumia, au pungufu. Miezi miwili baadaye ikatoka Lilo & Stitch, marudio ya katuni ya mwaka 2002. Hiyo iligharimu karibu dola milioni 100, nayo ikapita dola bilioni 1. Mwaka huo huo kampuni nyingine, DreamWorks, ilirudia How to Train Your Dragon ya mwaka 2010, ikaingiza zaidi ya dola milioni 600.

Kwa nini moja ianguke na nyingine isimame? Jibu la kwanza ni umri wa kumbukumbu. Watoto wa mwaka 2002 ndio wazazi wa leo. Watoto wa mwaka 1937 ni mababu wa wazazi wa leo. Dumbo, katuni ya mwaka 1941, iliporudiwa mwaka 2019 kwa dola milioni 170, ilipata milioni 353 tu, hesabu isiyofurahisha. Jibu la pili ni gharama: aliyetumia kidogo hahitaji kuuza sana. Hata hivyo kanuni hii ina vighairi vyake. The Jungle Book ni katuni ya mwaka 1967, na marudio yake yalipata zaidi ya dola milioni 960. Katika biashara ya hadithi hakuna anayejua yote, na wanaodai kujua ndio hao hao waliolipa milioni 240 kwa Snow White.

Filamu hiyo ilikuwa na mzigo mwingine ambao wasomaji wetu wanaufahamu. Malkia mwovu aliigizwa na Gal Gadot, Muisraeli aliyepata kutumikia jeshi la nchi yake, ilhali dunia inaitazama Gaza. Lebanon iliizuia filamu hiyo isionyeshwe, na wito wa kuisusia ulisikika katika nchi nyingi. Upande wa pili nao ulimshambulia Rachel Zegler, aliyeigiza Snow White, kwa maneno yake ya kuiunga mkono Palestina. Hatuwezi kusema kwamba kususiwa ndiko kulikoiangusha. Tumekwisha taja sababu nyingine. Lakini hakuna tena mwenye filamu anayeweza kudai kwamba burudani ya watoto iko mbali na mambo ya dunia.

Aladini na sikio lililokatwa

Turudi kwa Aladini, maana katika filamu zote hizi ndiye anayetuhusu kwa karibu zaidi. Wasomaji wa Kiswahili wameijua kwa miaka mingi hadithi yake ya taa ya ajabu pamoja na visa vya Alfu Lela Ulela. Wasilolijua wengi ni kwamba haimo katika miswada ya kale ya Kiarabu ya kitabu hicho. Mfasiri Mfaransa, Antoine Galland, aliisikia mjini Paris mwaka 1709 kutoka kwa Hanna Diyab, Mkristo wa Halab katika Shamu, kisha akaitia katika tafsiri yake. Na katika hadithi hiyo, Aladini ni mwana wa mshona nguo katika mji wa China. Agrabah, mji wa jangwani wa filamu, ulibuniwa Marekani.

Kubuni si dhambi ya msimulizi. Lawama ni juu ya kile kilichobuniwa. Wimbo wa kufungulia katuni ya mwaka 1992 uliisifu nchi ya Waarabu kuwa ni mahali ambapo mtu hukatwa sikio iwapo sura yake haikupendeza, kisha ukaita hali hiyo ushenzi, na papo hapo ukaita ndiyo nyumbani. Mtoto wa Kiislamu aliyekaa mbele ya televisheni aliimba hayo juu ya watu wake. Tena wachunguzi wengi walibainisha kwamba Aladini na binti mfalme walisema kwa lafudhi ya Kimarekani, ilhali walinzi na wachuuzi wakali wa sokoni ndio waliopewa lafudhi ya kigeni.

Waarabu wa Marekani hawakunyamaza. Jumuiya yao ya kupinga ubaguzi ililalamika, na kanda za kutazamia nyumbani zilipotoka mwaka 1993, maneno ya kukata sikio yalikuwa yameondolewa. Lile neno la ushenzi likabakia, nalo halikuguswa mpaka marudio ya mwaka 2019. Safari hiyo jangwa lenyewe lilikuwa la kweli, kwa kuwa sehemu ya filamu ilipigwa Wadi Rum huko Jordan, na Aladini akawa Mena Massoud, kijana aliyezaliwa Misri.

Msomaji na alipime jambo hili. Ubeti mmoja ulihitaji mwaka mmoja kufutwa. Neno moja likahitaji miaka ishirini na saba. Lakini vyote viwili vilifutwa, na havikufutwa kwa wema wa wenye kampuni peke yake. Walioudhika walisema, tena walisema kwa hoja, wakitaja ubeti na neno.

Mambo yaliyo pembeni mwa picha

Mara nyingine la kuangaliwa halimo ndani ya hadithi. Mulan ya mwaka 2020 ilipotoka, watazamaji makini walisoma orodha ya shukrani mwishoni, wakakuta wanashukuriwa maofisa wa Xinjiang, pamoja na idara ya usalama wa umma ya Turpan. Huko ndiko Waislamu wa Uyghur walikokuwa wamefungiwa kwa wingi katika makambi. Kampuni ilijitetea kwamba karibu filamu yote ilipigwa New Zealand, na kwamba kuzishukuru mamlaka za mahali ni desturi ya kazi hiyo. Filamu iliyogharimu dola milioni 200 ilipata takriban milioni 70 katika majumba ya sinema, ingawa korona ndiyo iliyokuwa imeyafunga mengi kati ya hayo.

Nasi Waswahili tumo katika daftari hili. The Lion King imevikopa vinywa vyetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, Sarabi, hata fisi akaitwa Shenzi. Mwaka 1994 kampuni iliomba kuyasajili Marekani maneno "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara juu ya mavazi, ikakubaliwa mwaka 2003. Usajili huo haumzuii mtu kuyatamka. Lakini maneno hayo yalikuwa midomoni mwa watu wa pwani yetu zamani, na Them Mushrooms wa Kenya walikwisha kuyaimba mwaka 1982. Mwaka 2018, marudio yakikaribia kutoka, mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe aliandika ombi la kupinga, na watu zaidi ya laki moja wakatia saini. Mtoto wa Tanga au Lamu anapaswa kujua kwamba lugha ile si ya simba wa Marekani, ni ya bibi yake.

Mzazi afanye nini?

Nchi nyingine hutegemea bodi za ukaguzi. Mwaka 2017 wakaguzi wa Malaysia walitaka kukata kipande kifupi cha Beauty and the Beast kwa kuwa kiliashiria mapenzi ya jinsia moja. Kampuni ikaahirisha kuionyesha badala ya kukubali kukata, na mwishowe ikaonyeshwa nzima. Bodi yaweza kusaidia, lakini mlango wa mwisho ni wa nyumba yenyewe, hasa siku hizi ambapo filamu humfikia mtoto kwa simu bila ya kupita kwa mkaguzi yeyote.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, mzazi asikinge kumbukumbu zake mbele ya akili yake. Kwamba uliipenda katuni ukiwa na miaka minane si ushahidi kwamba inamfaa mwanao; itazame upya kwa macho ya mtu mzima. Pili, mkiamua kuitazama, itazameni pamoja, kisha waulizeni watoto: Mwovu amevishwa nguo gani? Anasema kwa lafudhi ya nani? Maswali mawili kama hayo humfunza mtoto kupambanua kuliko makatazo kumi yasiyo na maelezo. Tatu, simulieni hadithi zenyewe. Mtoto aliyeisikia habari ya Aladini kutoka kwa babu yake hataamini kwamba filamu ndiyo asili. Nne, mkichukizwa na jambo, semeni kwa adabu na kwa hoja, kwa mwenye jumba la sinema au kwa kampuni iliyoitoa, mkitaja hasa ni wapi na ni nini.

Marudio haya hayatakoma kwa sababu moja imeanguka. Moana, katuni ya mwaka 2016, nayo iliwekwa katika foleni ya kurudiwa, na hesabu ya umri inaonyesha kwamba zamu ya vizazi vingine yaja. Kampuni haimfahamu mtoto wako. Inaifahamu tiketi yake. Na kwa kuwa ni tiketi wanayoihesabu, familia iliyotia mkono mfukoni baada ya kufikiri, au iliyouondoa mkono huo baada ya kufikiri, imekwisha sema neno ambalo wenye hadithi hulisikia.