Mkia wa Kimelea, Kifua cha Mtoto

Ukipita Kamakis Jumapili jioni, moshi wa nyama choma hukupokea kabla hata hujashuka garini. Moshi huo ukiingia kifuani hufagiliwa. Ndani ya njia za pumzi mna vijinywele visivyoonekana kwa macho, wataalamu huviita silia. Hupigapiga pamoja na kuusukuma ute wenye masizi hadi kooni, nawe ukaumeza bila habari.

Silia ya namna hii imejengwa kwa mirija midogo: jozi 9 zikizunguka mirija miwili ya katikati. Ajabu ni kwamba mkia wa kimelea cha malale, kile kinacholetwa na mbung'o, umejengwa vivyo hivyo. Na hapo ndipo Kenya inapoingia. Ukoo wa kimelea ambao jeni zake, zipatazo 9,000, zilichapishwa mwaka 2005, ulianzia kwa mbung'o wa Kiboko, huko kwenye barabara ya Mombasa, mwaka 1970. (Mgonjwa wa mwisho mwenyeji wa malale nchini alionekana mwaka 2009, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kuwa malale si tishio tena la afya ya umma Kenya. Ng'ombe wetu, lakini, bado wanaugua nagana.)

Sasa, orodha ya jeni ni kama orodha ya vipuri: haikwambii kipi hufungwa wapi. Kazi hiyo ni ya proteomiki, elimu ya kuzitambua protini zote zilizomo katika kitu kwa pamoja. Mwaka 2006 kundi la Profesa Keith Gull wa Oxford, na wenzao wa Lancaster, waliitenga mikia ya vimelea kwa sabuni za maabara na chumvi. Protini zikakatwa vipande, vipande vikapimwa uzito kwa mashine, kisha vipimo vikalinganishwa na orodha ya jeni. Zikapatikana protini 331. Walipozizima baadhi ya jeni hizo katika vimelea vya hatua ya damuni, loo! Havikulemaa tu. Vilishindwa kugawanyika, vikawa mapande ya ajabu yenye mikia mingi, vikafa.

Mwaka 2009 wakaendelea. Walizima jeni moja ya ufito unaoandamana na mirija ya mkia, wakailinganisha mikia hiyo na ile mizima. Protini nyingine za ufito zilikuwa zimetoweka pia, ingawa jeni zake hazikuguswa. Fundi yeyote wa gari atalielewa jambo hilo: ng'oa boliti moja, uone vinavyoanguka.

Binadamu hana ufito huo, lakini mirija anayo. Mtoto akirithi nakala mbovu za jeni moja ya silia, kwa kawaida moja kwa baba na moja kwa mama, vifagio husimama au hupiga ovyo. Pua hutiririka tangu siku za kwanza, kikohozi cha makohozi hakiishi, masikio hayaponi. Kwa karibu nusu yao viungo vya ndani hukaa kinyume, moyo ukawa kulia. Na majirani husema ni baridi, ama ni vumbi la Ruiru.

Mzazi mwenye mtoto wa namna hii asiridhike na chupa ya tano ya dawa ya kikohozi. Amtajie daktari silia, kwa jina hilo hilo. Seli za pua hupanguswa kwa kijiburashi zikatazamwa kwa hadubini kama vijinywele vinapiga, na siku hizi jeni zenyewe husomwa.