Tunauliza Kampala, Mbona Hatuulizi Njiani?



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi wa Busia zote mbili na Tororo, leo tuna neno ambalo huenda likawaudhi baadhi yetu. Tutaanza kwa kujilaumu sisi wenyewe waalimu.

Familia moja ya hapa mpakani ilikusudia kwenda Kampala kula chakula cha jioni pamoja, siku binti yao alipotimiza miaka 18. Binti akachagua mkahawa wa Kithai. Habari ilipofika madrasa, maneno yakawa mengi. Huyu akasema Wathai wanakula nyoka. Yule akasema chakula chochote cha Mabudha ni haramu. Na sisi, badala ya kuuliza, tukamwambia binti: "Achana na hayo, ni haramu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu: "Ustadh, tukienda Kampala huwa tunanunua kuku Namawojjolo. Yule anachinjwa na nani?"

Hatukuwa na jibu.

Kila aliyepanda basi la Kampala anajua tunachosema. Ukishapita Bugiri, Iganga na Jinja, ukatoka msitu wa Mabira, basi linasimama Namawojjolo. Wachuuzi wanakimbilia madirishani na mishikaki, mapaja ya kuku na gonja la kuchoma. Tunatoa pesa, tunapokea, tunakula. Nani kati yetu amewahi kuuliza nani kachinja? Hatusemi kuku wa pale ni haramu. Tunasema hatuulizi. Halafu tukifika mjini, tukaona jina geni mlangoni, ucha Mungu unatujia ghafla!

Tumeigeuza halali ikawa woga wa vitu vigeni. Tulichokizoea tunakila kwa kuwa tumekizoea, na tusichokijua tunakiharamisha kwa kuwa hatukijui. Huo si uchaji. Kuharamisha alichohalalisha Allah ni kosa kama lilivyo kosa kuhalalisha alichoharamisha.

Tuutazame basi huo upishi wa Kithai kwa elimu. Vitu vyake vikubwa ni wali, tui la nazi, pilipili, ndimu, mchaichai na samaki. Ndugu zetu wa Mombasa na Unguja wakivisikia watadhani tunasoma orodha ya sokoni kwao. Ule mchuzi wa chupa wenye harufu kali ni samaki na chumvi vilivyowekwa muda mrefu, si pombe. Kamba na chaza, kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, ni halali, ingawa ndugu zetu wa Hanafi wana kauli yao na tunaiheshimu. Tena Thailand ina Waislamu wengi, hasa mikoa ya kusini ya Pattani, Yala, Narathiwat na Satun. Mchuzi wao mmoja mashuhuri unaitwa massaman, na inaaminiwa kuwa jina hilo limetokana na neno la zamani la kumtaja Mwislamu.

Je, tunasema mkaingie mkahawa wowote mle? La hasha! Upande wa pili nao una kosa lake. Wapo wanaoona kibao kimeandikwa "Hapa hakuna nguruwe" wakavua viatu kama wameingia msikitini. Kutokuwepo nguruwe hakumfanyi kuku awe amechinjwa kisheria. Na wapo wanaoshika hadithi ya Bi Aisha (r.a.), pale watu walipouliza kuhusu nyama wasiyojua kama ilitajiwa jina la Allah, wakaambiwa wataje wao na wale. Lakini waliokuwa wakileta nyama ile walikuwa Waislamu wapya. Hadithi hiyo imefunga mlango wa wasiwasi. Haikufungua mlango wa uzembe.

Dawa ni kuuliza. Simu moja kabla ya safari inatosha:

1. Nyama na kuku mnanunua wapi? Kuna cheti cha halali, kimetolewa na nani, na muda wake haujaisha? Uganda kuna Baraza Kuu la Waislamu (UMSC), Kenya kuna Kenya Bureau of Halal Certification.

2. Je, nguruwe anapikwa jikoni humo? Kama ndiyo, karai, visu na mbao za kukatia ni hivyohivyo? Kuagiza samaki hakukusaidii kitu kama samaki huyo amekaangwa ndani ya mafuta ya nguruwe.

3. Mnatia mvinyo katika mapishi, au michuzi ya chupa yenye mvinyo ndani?

4. Mnaweza kutupa sehemu isiyozungukwa na pombe? Mtume (s.a.w.) ametukataza kukaa kwenye meza inayopitishwa ulevi.

Na maswali hayohayo, isipokuwa majina ya vyakula, muulize muuza kuku wa stendi ya Busia na mwenye hoteli ya Tororo unayekula kwake kila wiki. Uso wa mwenyeji si cheti.

Kuhusu kusherehekea siku ya kuzaliwa, masheikh wana kauli zao, na wanaokataza wana hoja. Hilo tutalizungumza siku nyingine, inshaAllah. Lakini tusichanganye masuala mawili. Asiyependa sherehe hiyo aseme kwa dalili yake, asijifiche nyuma ya nyoka wa Wathai.

Binti yule tulimwomba radhi. Mama yake akapiga simu Kampala. Mhudumu akaenda kumuuliza mpishi, akarudi na jibu la kweli: kuku wana cheti, lakini nguruwe hukaangwa katika karai hizohizo. Binti mwenyewe ndiye aliyesema, "Mama, basi tutafute kwingine." Hakulia wala hakununa. Wakapata pengine palipojibu maswali yote, wakala, wakarudi salama.

Wazazi, hapo pana mazingatio. Tulipomwambia "haramu" bila sababu, alituona wanafiki, na hakukosea. Alipopewa sababu, aliacha mwenyewe. Watoto hawa kesho watakuwa Nairobi, Kampala, Dubai na London, vyuoni na makazini, wala hatutakuwepo kuwakataza. Tukiwaachia woga wetu, wataucheka siku ya kwanza. Tukiwafundisha kuuliza, watakwenda nao ujuzi huo kila mezani.

Basi safari ijayo, basi likisimama Namawojjolo, tuanze sisi wakubwa. Tuulize kabla ya kutoa pesa, na watoto wakiwa wanatusikia.

Wabillahi tawfiq.