Motaboti Mpya Hujulikana Usiku

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, ingawa ni kidonda. Aliyenunua baiskeli huipangusa kabla haijaingia vumbi, na aliyenunua cherehani hutafuta nguo ya kushona hata kama hakuna iliyochanika. Furaha ya namna hiyo si kosa. Lakini viko vyombo ambavyo furaha peke yake haitoshi kuviendesha, hasa vile ambavyo mtu na jamaa zake hulala ndani yake. Kimojawapo ni motaboti ya safari, yaani boti ya injini yenye chumba cha kulala, jiko, choo na tangi la maji, ambayo watu wengi wa Ulaya na Marekani hununua ili wapitishe siku zao za mapumziko juu ya mito na maziwa.

Motaboti hiyo ni vitu viwili katika umbo moja: ni chombo cha kusafiria, tena ni nyumba. Anayeinunua hujifunza upesi kuiongoza, kwa kuwa usukani na injini viko mbele ya macho yake. Nyumba iliyomo ndani ndiyo huchelewa kuijua. Kwa sababu hiyo wazoefu humshauri mwenye boti mpya asianze kwa safari ya juma zima. Na aanze kwa usiku mmoja karibu na kwao, kisha usiku wa pili mbali kidogo, na wa tatu mbali zaidi.

MAJI YA NORFOLK

Mahali pafaapo kulitazama jambo hili ni mashariki ya Uingereza, katika majimbo ya Norfolk na Suffolk, penye mito na maziwa madogo yaitwayo Broads. Miongoni mwa mito hiyo ni Bure, Ant, Thurne, Yare na Waveney, na njia za kupita boti zina urefu wa kilometa 200 hivi. Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba maziwa hayo ni ya asili. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa mimea, Joyce Lambert, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba ni machimbo. Watu wa Zama za Kati walichimba humo udongo mweusi wa mimea iliyooza, ambao ukikaushwa huwaka kama kuni, kisha maji yakapanda yakafunika kazi yao. Ndiyo maana maziwa hayo hayana kina kirefu, na chini yake ni matope.

Tangu mwishoni mwa karne ya 19 watu wamekuwa wakienda huko kukodi vyombo vya kupumzikia. Tangu mwaka 1989 maji hayo yamesimamiwa na mamlaka yake yenyewe, iitwayo Broads Authority. Boti huandikishwa, hulipiwa ushuru na hukaguliwa usalama wake. Mwendo nao umewekewa mpaka: sehemu nyingi ni kati ya kilometa 5 na 10 kwa saa, yaani mwendo wa mtu atembeaye au akimbiaye polepole, ili mawimbi ya boti yasibomoe kingo. Mgeni akitazama maji yale yaliyotulia na mwendo ule wa kobe, hudhani kwamba hapana jambo la kujifunza. Usiku ndio humfundisha.

USIKU WA KWANZA: GATINI

Usiku wa kwanza hapana haja ya kufungua kamba hata moja. Jamaa hupakia vyakula na matandiko, hupika, hula, hulala humo humo gatini, na asubuhi huandika katika daftari yote waliyoyaona. Kitanda kilichoonekana kirefu mchana huwa kifupi usiku. Dirisha lililokuwa zima wakati wa jua hudondosha maji juu ya mto wa kulalia mvua inyeshapo. Pumzi za watu wanne katika chumba kidogo hugeuka matone kutani, na blanketi huamka limeloa.

Jambo la kwanza la kupimwa ni ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti ambamo maji hukusanyika. Jioni hukaushwa, na asubuhi hutazamwa. Ikiwa maji yameingia, boti inavuja mahali fulani, na ni heri kulijua hilo nchi kavu ikiwa hatua moja tu kutoka kitandani.

Jambo la pili ni beteri. Boti iliyotengenezwa vizuri huwa na beteri ya kuwashia injini na nyingine ya taa, pampu ya maji na mahitaji mengine ya nyumbani. Ikiwa beteri ni moja, au zote zimeungwa pamoja pasipo swichi ya kuzitenga, jamaa watasoma na kuongea chini ya taa mpaka saa sita, na asubuhi injini haitawaka. Gatini jambo hilo huchekesha. Mahali pasipo na watu huleta dhiki, tena huzaa kishawishi kibaya ambacho kitaelezwa mbele.

Jambo la tatu ni maji ya kunywa na ya kuosha. Mama wa nyumba ajuaye kwamba mtungi wake hutosha siku mbili hana wasiwasi. Ndani ya boti hesabu hiyo hapana budi ifanywe upya, kwa maana bomba lifunguliwalo kwa kidole hushawishi watoto kumwaga.

USIKU WA PILI: MBALI KIDOGO

Safari ya pili ni ya saa chache, na kazi yake kubwa ni kupima mafuta na kujifunza kufunga boti. Tangi hujazwa kabla ya kuondoka, saa za injini huandikwa, na likijazwa tena baada ya kurudi, lita zilizoingia hugawanywa kwa saa zilizotumika. Hapo mwenye boti hujua injini yake inakunywa kiasi gani kwa saa. Kanuni ya mabaharia waangalifu ni kugawa mafuta katika mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu lisiloguswa isipokuwa kwa dharura.

Kufunga boti hufanywa mapema, jua likiwa bado juu. Boti huelekezwa dhidi ya mkondo, kwa sababu maji yajayo kutoka mbele huipunguza kasi, na usukani huendelea kutii. Anayekuja akisukumwa na mkondo kutoka nyuma hugonga gati, au hugonga boti ya jirani. Kila mtu apewe kazi yake kabla ya kufika, wala si wakati wa kupiga kelele. Mwenye kamba ashuke kwa hatua, asiruke. Tena mtu yeyote asitie mkono au mguu kati ya boti na ukuta wa gati, kwani boti ya tani kadhaa, hata ikienda polepole, huvunja mfupa. Koti la kuokolea huvaliwa hata na ajuaye kuogelea, maana maji ya baridi humkata mtu pumzi kabla hajapata kupiga mkono.

Katika maziwa ya Norfolk wengi hawatumii nanga yenye makucha. Hushusha uzito mkubwa wa chuma ambao huzama matopeni na kuishika boti. Upepo ukizidi usiku, uzito huo waweza kuburutwa. Kwa hiyo kabla ya kulala mtu huchagua alama mbili nchi kavu, kama mti na paa la nyumba, zilizo katika mstari mmoja. Akiamka akaona zimeachana, ajue boti imehama.

USIKU WA TATU: MAJI YANAPOPWA NA KUJAA

Baada ya hayo ndipo boti hupelekwa mahali ambapo bahari hutoa amri. Karibu na mji wa Great Yarmouth, mito ya Broads hukutana na maji ya bahari, nayo hupwa na kujaa. Aliyefunga kamba zake zikiwa zimekaza wakati maji yamejaa, maji yakipwa ataiona boti imening'inia ubavu. Kamba huachwa na nafasi ya kushuka na kupanda. Ili kuvuka ghuba ya Breydon, iliyo pana na yenye matope pembeni, hapana budi kufuata njia iliyowekewa nguzo nyekundu na za kijani, na kuchagua saa ambayo mkondo umetulia.

Jambo jingine ni madaraja. Daraja la kale la mawe la Potter Heigham, juu ya mto Thurne, lina upinde ambao maji yakijaa huacha nafasi ya mita 2 hivi tu katikati, na pembeni pungufu ya hapo. Boti nyingi haziwezi kupita kabisa. Mwenye boti mpya aupime kwa kamba urefu wa chombo chake tangu usoni pa maji hadi juu kabisa, auandike karibu na usukani, na kuulinganisha na kibao cha vipimo kilicho kwenye daraja. Asikadirie kwa macho.

HATARI ISIYOONEKANA

Yote yaliyotajwa yaweza kuonwa, kusikiwa au kushikwa. Liko moja lisiloonekana, na hilo ndilo kubwa kuliko yote. Moshi wa injini ya petroli, wa jenereta, na wa jiko lisilopata hewa ya kutosha una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa pumzi ingawa kifua chaenda juu na chini.

Mwezi wa Aprili 2013, katika ziwa Windermere, kaskazini magharibi ya Uingereza, mama na binti yake walikufa ndani ya motaboti yao. Jenereta ya kubebeka ilikuwa imewekwa penye chumba cha injini na kutiwa bomba la moshi la kubuniwa, nalo bomba liliachana, moshi ukaingia ndani. Mwezi wa Juni 2016, katika mto Bure, huko Wroxham, watu wawili na mbwa wao walikutwa wamekufa ndani ya motaboti iliyokuwa imefungwa gatini. Wachunguzi wa serikali walieleza kwamba chanzo kilikuwa moshi wa injini ya petroli ya boti hiyo, uliokusanyika chini ya turubai, na kwamba yaelekea injini iliwashwa ili kujaza beteri. Katika boti hiyo hapakuwa na king'ora cha kuonya juu ya kaboni monoksidi. Kuanzia Aprili 2019, kanuni za usalama za boti katika mito na maziwa ya Uingereza zilidai king'ora hicho katika kila boti yenye nafasi ya kulala.

Hapa ndipo kile kishawishi kilichotajwa hujulikana. Beteri imeisha, usiku ni wa baridi, turubai limefungwa, watu wamechoka. Mwenye boti huwasha injini ikiwa imefungwa gatini, apate mwanga na joto. Kila jambo alifanyalo ni la kutafuta starehe ya jamaa zake, na kila moja lawasogeza karibu na mauti. Aliyeijua beteri yake tangu usiku wa kwanza hatafika huko.

Dalili zake hudanganya: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Ndani ya boti watu husema ni mawimbi, au ni chakula cha jana. Lakini watu wawili au watatu wakiugua kwa pamoja, na wakitoka nje wakapata nafuu, hiyo si bahati mbaya ya tumbo. Injini izimwe, jiko lizimwe, kila mlango ufunguliwe, wote watoke penye hewa safi, kisha wapelekwe kwa mganga hospitalini. Na matundu ya hewa yaliyowekwa na fundi yasizibwe kwa vitambaa, hata kama baridi inauma.

Gesi ya kupikia ina hila nyingine. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hushuka hadi ngamani, ikangojea cheche. Mvuke wa petroli hufanya vivyo hivyo. Mtungi hufungwa kila baada ya kupika, na ngama hupewa hewa kabla ya kuwasha injini.

NYUMBANI KWETU NAKO

Huenda msomaji akasema kwamba yeye hana motaboti, wala hatarajii kuwa nayo. Ni kweli. Lakini hewa iliyoua watu wa Windermere na Wroxham ndiyo hiyo hiyo itokayo katika jiko la makaa, ambalo wengine huliita mbabula, linapoingizwa chumbani usiku wa baridi na dirisha kufungwa. Katika nchi za milima, baba huliingiza kwa huruma, ili watoto wasitetemeke. Makaa yaliyokwisha kutoa moshi huonekana hayana madhara, kumbe huo ndio wakati wake wa hila. Chumba kidogo ni chumba kidogo, kiwe juu ya maji au juu ya ardhi.

Basi na ajifunze kila mtu nyumba yake kabla ya kuiamini, iwe ya kuelea au ya matofali. Safari fupi tatu hazimpotezei mtu likizo yake, na dirisha lililoachwa wazi kiasi cha kiganja halimnyimi usingizi. Tahadhari kabla ya hatari: jiko la makaa liachwe nje ya mlango, na blanketi la pili litafutwe.