Baridi imeingia: Jiko la mkaa lilale nje

Mwezi Juni mkazi wa Dar es Salaam huzima kiyoyozi na kufungua dirisha. Sisi wa Mbeya tunafanya kinyume. Tunafunga dirisha, tunaziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga kuukuu, kisha tunaingiza jiko la mkaa chumbani. Hayo ndiyo maandalizi yetu ya baridi, na yananitisha kuliko baridi yenyewe.

Sikulaumu, mzazi mwenzangu. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti kuna usiku ambao joto hushuka chini ya nyuzi 10. Nyumbani una kichanga au bibi mwenye miguu inayouma. Jiko lipo, mkaa upo. Utafanyaje?

Tatizo ni kwamba tumezoea kuogopa moshi tu. Tunasubiri mkaa ukolee, uwe mwekundu, ndipo tuuingize ndani tukiamini sumu imekwisha. Haijaisha. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na haiwashi macho. Ukiivuta, hushika chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inazunguka, lakini haibebi hewa ya kutosha kwenda kwenye ubongo na moyo. Aliyelala hazinduki ili akimbie. Watoto, wajawazito na mimba zao, wazee na wenye ugonjwa wa moyo huumia zaidi.

Dalili zake hudanganya: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Wengi husema ni malaria au mafua, wakameza dawa ya maumivu na kurudi kulala chumba kilekile. Jiulize maswali mawili. Je, tunaumwa kichwa watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja? Je, tukitoka nje tunapata nafuu? Kama jibu ni ndiyo, shuku jiko.

Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua milango, mtoe nje haraka, umpeleke hospitali. Usipoteze muda kumnywesha maziwa. Hayaiondoi gesi hii kwenye damu, na aliyepoteza fahamu yanaweza kumpalia. Anachohitaji ni oksijeni. Ukifika, sema wazi kwamba mlilala na jiko. Usione aibu, kwa sababu kile kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa kumbe mgonjwa yuko hatarini.

Basi tujipashe joto vipi? Kwa kichanga, mwili wa mama unashinda jiko: mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mvishe kofia na soksi, kisha mjifunike pamoja. Baba naye anaweza kumpokea. Mtoto aliyezaliwa leo asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Kwa wengine, nguo mbili tatu nyepesi zilizopangana hutunza joto kuliko koti moja zito. Blanketi la mtumba la Mwanjelwa lifue, ulianike juani kabla ya kulitumia. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa taulo hupasha kitanda cha bibi. Jiko lipike nje au kwenye jiko lenye hewa, na libaki huko hadi asubuhi. Dirisha kuachwa wazi kidogo si kinga ya kuaminika.

Lakini mzigo huu si wa mzazi peke yake. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo jema, ila huku Nyanda za Juu Kusini mkaa si wa kupikia tu, ni wa kuotea pia. Ningependa kila kliniki ya mama na mtoto, kuanzia mwezi Mei, imwulize mama: "Mnalala na jiko?" Na wewe mwenye nyumba ya kupangisha, acha matundu ya hewa juu ya dirisha, usiyazibe kwa saruji.

Usiku wa leo, kabla hujazima taa, hakikisha jiko liko nje. Baridi utaivumilia hadi kuche.