Si mchezo

Kiswahili hulisifu jambo zito kwa kusema "si mchezo", kana kwamba mchezo ni upuzi. Ndiyo maana mjini Meru na Embu, kijana aingiaye kibanda cha michezo ya video jioni huitwa mvivu, ilhali mzee achezaye bao chini ya mti hasumbuliwi. Kweli, mnamo 2019 Shirika la Afya Duniani liliorodhesha uraibu wa michezo hiyo kuwa ugonjwa. Lakini kwa kawaida dalili sharti zidumu miezi 12 hivi na zivuruge masomo, kazi au jamaa. Mimi nami hucheza Jumamosi, nikishasahihisha mitihani. Basi mzazi, kabla hujafoka, jiulize: je, mwanao analala, anasoma, anakula nawe? Ikiwa ndivyo, mwache apumzike.