Hofu ya Mabwana wa Mombasa Haikuletwa na Merikebu

Hoja inayochapishwa mara kwa mara, kwamba watumwa wa pwani ya Kenya walikuwa watulivu mpaka wamisionari walipowaletea fikra za uhuru kutoka ng'ambo, inarudia utetezi wa mabwana wenyewe, ambao mwaka 1880 walitishia kuivamia Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na Church Missionary Society karibu na Mombasa mwaka 1875. Ni kweli kwamba miongoni mwa wakazi wake walikuwamo Waafrika waliosomeshwa India, ambao mfano wao uliwakera wenye mashamba. Lakini watoro, yaani watumwa waliokimbia mabwana zao, walikuwa wakipokewa huko Witu na mtawala wake, Sultani Ahmed Simba, tangu miaka ya 1860, kabla Frere Town haijakuwapo. Fuladoyo nayo, kijiji cha watoro bara ya Kilifi, iliongozwa na David Koi, Mgiriama aliyeingia Ukristo, wala si Mzungu. Msomaji wa Burat, Isiolo, aliye mbali na mashamba hayo, anastahili kuelezwa kwamba bwana alihofia njia ya kutorokea kuliko mahubiri, na kwamba mgogoro juu ya watoro ulipozidi, kampuni ya Waingereza iliwalipa mabwana fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400 waliokutwa kwenye misheni, malipo ambayo hayakumfikia aliyetumikishwa.